Kiti cha Babu

Jumatatu, 3 Juni

Babu anastaafu! Ametangaza leo kwenye kikao cha idara, katikati ya chai, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe sukari. Mwisho wa muhula anaondoka. Mkuu wetu wa idara, ambaye somo lake ni ushakiaji, yaani kutilia shaka kila kitu, na ambaye hajawahi kukubali jambo kwa mara ya kwanza, alimuuliza kama ana uhakika. Babu akajibu kwamba yeye hana uhakika sana, ila magoti yake yanao.

Nilihuzunika. Kwa dhati kabisa. Kisha nikakumbuka darasa la mwaka wa kwanza, na huzuni ikanipungua kwa kasi ya aibu.

Nani atalichukua? Babu amelifundisha tangu zama ambazo sisi wengine tulikuwa hatujui kutofautisha hoja na kelele. Falsafa nzima imo humo. Kilichopo ni nini, tunajuaje, tuishi vipi. Wagiriki, Wahindi, Wachina, Waarabu, falsafa ya utu. Mimi mwenyewe niliingia humo kwa makosa. Nilikuwa nimeandikishwa uhasibu. Mvua ikanikimbiza hadi kwenye ukumbi usio wangu, na mzee mmoja aliyeketi kwenye kiti cha mbao akaninyooshea kidole, akaniuliza nitajuaje kwamba siko ndotoni. Sikutoka tena. Baba yangu bado anauliza nitarudi lini kwenye uhasibu.

Kwa hiyo darasa ni langu. Hilo halihitaji hata hoja.

Tatizo ni Bi Kwahiyo. Ndivyo tunavyomwita mhadhiri wa mantiki, kwa kuwa hajawahi kumaliza kikombe cha chai bila kufikia hitimisho. Aliinua mkono. Akasema analiomba darasa, akataja sababu zake moja juu ya nyingine kama matofali. Nami nikainua mkono. Nikasema nalitaka pia, kwa sababu. Sababu ikanitoka kichwani. Nikasema ni jambo la moyoni. Mtu mmoja akakohoa.

Mkuu akatazama saa kubwa ya ukutani iliyo nyuma ya meza yake (huitazama kila mara, ingawa husema hana uhakika kama ipo) akatamka kwamba inaelekea ameamua. Bi Kwahiyo atafundisha mwaka wa kwanza kesho, mimi keshokutwa, Babu akiwa ameketi nyuma. Ijumaa tutapiga kura, baada ya mjadala kwa Kanuni ya Babu.

Kanuni ya Babu ndiyo sheria pekee ambayo idara yetu haijawahi kuivunja. Huwezi kupinga hoja ya mwenzako mpaka kwanza uieleze wewe, kwa uzuri wake wote, mpaka mwenyewe aseme “Ndivyo hasa.” Ni kanuni ya kistaarabu. Ndiyo sababu tulijadili mapazia ya chumba cha wahadhiri mwaka jana na bado jua linatuchoma machoni.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Yeye ni daktari wa meno. Amezoea watu wasioweza kumjibu, basi huongea mfululizo. Akasema nilale, nifundishe vizuri Jumatano, na nisifanye kitu kingine chochote. Chochote, akarudia, akininyooshea mswaki.

Nina mpango tayari.


Jumanne, 4 Juni

Asubuhi. Binti wa dada yangu anakaa kwetu na yuko mwaka wa kwanza. Anasoma uhasibu (baba yangu anampenda sana) lakini darasa la Babu ni la lazima kwa wote. Wakati wa chai nilimpa kazi ndogo. Bi Kwahiyo akishapamba moto, anyooshe mkono na kumuuliza juu ya mtu anayesema, “Sentensi hii ninayoisema ni ya uongo.” Ikiwa ni kweli, basi ni uongo. Ikiwa ni uongo, basi ni kweli. Swali hilo limewatoa jasho wanamantiki tangu enzi za Wagiriki. Litamkwamisha mbele ya ukumbi mzima!

Mpwa wangu akauliza kama hiyo si hila. Akanikumbusha kwamba mjomba wake ndiye mhadhiri wa maadili.

Nikamwambia nimelipima jambo hili kitaalamu. Kwa wanaotazama matokeo, ruksa: darasa litapata mwalimu bora. Kwa wanaotazama wajibu, hapana. Kwa wanaotazama tabia njema, inategemea mtu ana tabia gani kwa kawaida, na kwa kawaida mimi ni mtu mzuri. Ushindi, kura mbili kwa moja. Mke wangu akapita na mkoba wake na kusema kwamba aliyehesabu kura ndiye mgombea.

Jioni. Maafa.

Nilijibanza nje ya dirisha la ukumbi, nikijifanya nasoma tangazo la maji kukatika. Mpwa aliuliza, kwa sauti nzuri, wazi. Nikasubiri Bi Kwahiyo ababaike. Badala yake akapiga makofi! Akasema ndilo swali alilokuwa akiomba liulizwe, akamwita mpwa mbele, akampa chaki na kuketi mahali pake kama mwanafunzi. Akakataa kujibu. Kila aliyedai kulitatua swali alipelekwa ubaoni, akaanguka, akarudi kitini akicheka. Mwishoni ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Mlinzi alikuja kuuliza kuna ugomvi gani.

Babu kule nyuma alikuwa akitabasamu. Niliona meno yake yote. Mke wangu ndiye aliyeyatengeneza, nayajua.

Chakula cha usiku hakikulika. Mpwa anachunguza kila sentensi. Nilisema kila mtu amechoka. Akauliza kila mtu, pamoja na wasiozaliwa? Nilisema wali umeiva. Akauliza nimejuaje kabla ya kuonja. Nikamwambia aache. Akasema, “Mjomba, ‘acha’ si hoja.” Anataka kuhama uhasibu. Baba yangu ataniua.


Jumatano, 5 Juni

Leo ilikuwa zamu yangu. Na nilikuwa na kitu ambacho Bi Kwahiyo hana. Mbao.

Kuna swali la kale katika metafizikia. Chukua kitu, badilisha kipande kimoja, kisha kingine, mpaka visibaki vya zamani. Je, ni kitu kilekile? Wengine hulifundisha kwa mashua. Mashua haiingii ukumbini. Nikawaza: kiti cha Babu! Kile cha mbao, chenye mikono miwili, ambacho hajawahi kufundisha bila kukikalia, na ambacho hulia kwiii kila anapoinama kuuliza swali gumu. Wanafunzi hukiogopa kile kilio kuliko mtihani.

Seremala wa barabara ya nyuma alikuwa amenitengenezea tangu jana vipande vyote, miguu, mikono, egemeo na kikalio, kwa kipimo kilekile. Alinionya kwamba kiti kile ni cha zamani, kimefungwa kwa gundi na vijiti, hakikuumbwa kufunguliwa. Nikamwambia hili ni suala la kinadharia.

Tukaanza. Nikatoa mguu wa kwanza (uligoma, nikatumia nyundo) nikafunga mpya kwa skrubu. Bado ni kiti cha Babu? Wote: ndiyo! Mguu wa pili. Ndiyo! Mkono. Ndiyo, ila sauti zimepungua. Nilipofika kwenye egemeo ukumbi ulikuwa umegawanyika pande mbili na watu wanaonyeshana vidole. Msichana mmoja wa uhandisi alisema kiti ni umbo. Jirani yake akasema kiti ni kumbukumbu. Kijana wa nyuma akasema kiti ni cha chuo na sote tutashtakiwa. Nikamalizia kikalio, natokwa jasho kwa furaha. Kisha mpwa wangu, bila kutumwa, akauliza: na vile vipande vya zamani vilivyo sakafuni, vikifungwa upya, kile nacho kitakuwa kiti cha nani?

Ndilo swali lenyewe! Nilitaka kumkumbatia. Nikapiga magoti kuvifunga.

Havikufungika. Vijiti vilikuwa vimevunjika vyote. Nilishika mguu huku, mkono ukaanguka kule. Wanafunzi wakaanza kunong'ona. Ndipo Babu akainuka kule nyuma na kuja mbele polepole, kama afanyavyo kila kipindi kikikaribia mwisho, ili aketi na kutoa neno la kufunga. Mazoea. Nikafungua kinywa nimwambie skrubu sijazikaza.

Akaketi.

Sitaki kuandika mlio ule. Haukuwa kwiii.

Babu alikuwa sakafuni katikati ya viti viwili ambavyo havikuwa viti. Nikajua basi, nimemuua mwalimu wangu kwa metafizikia. Kisha yeye, bila kuinuka, akaweka miwani yake sawa na kuwauliza wanafunzi: sasa, ni kitu gani mnachokijua kuhusu kiti hiki ambacho hamkukijua mlipokuwa mnakitazama tu?

Mikono mia hewani. Kipindi kikaendelea, Babu akiwa sakafuni, kwa muda wote uliobaki. Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria. Mimi nilikuwa nimesimama kando na bisibisi mkononi.

Hakuumia. Nilimsindikiza hadi ofisini, nikiomba radhi kila ngazi. Akasema, “Kijana, punguza radhi, utanifanya nianguke tena.” Nina mvi, bado mimi ni kijana kwake.


Alhamisi, 6 Juni

Nimepeleka mabaki yote kwa seremala. Vipande vipya na vya zamani, vimechanganyika kwenye gunia. Aliangalia ndani, akaniangalia mimi, akauliza kama mwenye kiti alikuwa mtu mnene. Nikasema hapana, ni mwembamba, shida ilikuwa nadharia. Akasema atafanya awezavyo.

Chuoni aibu tupu. Korido zote zinabishana kuhusu kiti. Wanafunzi wa uhandisi wamechora mchoro. Kwenye chumba cha wahadhiri nilimkuta Mdhanaishi, mwenzetu anayefundisha udhanaishi, falsafa ya uhuru wa kuchagua, na anayekaa karibu na mlango ili awe huru kuondoka. Nikamuuliza kesho atampigia nani. Akasema yeye hajawahi kuinua mkono kwenye kikao chochote, kwa sababu kila uchaguzi unamuua mtu ambaye ungeweza kuwa. Nikamwambia ni kura ya darasa tu. Akasema ndivyo wanavyoanza.

Nikageukia mbinu. Kesho, kwa Kanuni ya Babu, kila mmoja ataeleza hoja ya mwenzake, kisha ataipinga. Bi Kwahiyo ataeleza yangu kwa ufupi, maana hakuna kitu cha kueleza. Mimi nitaeleza yake kwa unyonge, kiasi tu cha kumfanya aseme “Ndivyo hasa,” halafu nitaibomoa. Nimeshaandaa mabomu. Mantiki ni mifupa bila nyama. Mantiki haimwambii mtu aishi vipi. Mantiki humfanya mtoto amhoji mjomba wake juu ya wali.

Mke wangu akasema nikienda kueleza hoja ya mtu kwa unyonge nitakuwa wa kwanza kukasirika. Akasema ananijua, sijawahi kusimulia habari ya mtu mwingine bila kuiboresha. Upuuzi. Nina nidhamu ya chuma.


Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilipofika kikaoni seremala alikuwa mlangoni na viti viwili. Kimoja kipya kinang'aa. Kingine cha zamani, kimeunganishwa kwa vijiti vipya, kimeegemea kidogo kushoto. Akauliza kiti cha mzee ni kipi, akipeleke mahali pake. Kosa! Idara nzima ikainuka kujadili. Mkuu alitilia shaka vyote viwili. Bi Kwahiyo alisema viti viwili haviwezi kuwa kiti kimoja, kwa hiyo angalau kimoja si cha Babu. Seremala alisikiliza kwa adabu kisha akaenda zake. Babu akapita katikati yetu, akaketi kwenye kile cha zamani. Kwiii. Mjadala ukafungwa.

Bi Kwahiyo alianza kueleza hoja yangu. Nikajiweka tayari kudhalilika. Akasimama, akaweka karatasi zake chini. Akasema kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawahitaji kuambiwa falsafa ni nini. Wanahitaji kumwona mtu ambaye swali limemshika mpaka hajali anaonekanaje. Akasema ni mtu mmoja tu katika idara hii ambaye angekivunja kiti cha mwalimu wake mwenyewe, anayempenda kuliko mtu yeyote hapa, ili watoto wa uhandisi wapate kuliona swali kwa macho. Akasema niliingia darasani mle kwa kukimbia mvua na sijatoka, na kwamba anayelijua darasa kwa namna hiyo hafundishi somo, anawafungulia wengine mlango uleule. Kwa hiyo, akasema, darasa ni langu.

Akanitazama. Ilibidi niseme maneno mawili. Nikasema ndivyo hasa. Sikuwa nimeijua hoja yangu mpaka nilipoisikia kwake.

Kisha zamu yangu ya kueleza, mapingamizi yakisubiri mwisho. Nikakumbuka: kwa unyonge! Nikaanza kwa unyonge. Nikasema Bi Kwahiyo anadai mantiki ni msingi. Basi. Lakini nikaona uso wake. Hakukasirika, alisubiri tu, kwa uungwana, kama mtu aliyekupa embe zuri na wewe unampa kokwa. Sikuweza. Na kusema ukweli, sikutaka ionekane kwamba anajua kueleza hoja ya mwenzake kuliko mimi.

Nikavua koti.

Nikawaambia kuhusu mpwa wangu. Kwamba Jumanne asubuhi alikuwa mtoto wa uhasibu aliyepewa swali na mtu mwingine (sikusema na nani, Babu akakohoa) na Jumanne jioni alikuwa na maswali yake mwenyewe. Kwamba mwalimu wa kawaida hujibu swali, na mwalimu mzuri hulijibu vizuri, lakini huyu alimpa aliyeuliza chaki na kumwachia kiti. Nikasema tunaigawa falsafa vipandevipande, huku metafizikia, kule maadili, huku Wagiriki, kule Wachina, na watoto wanadhani ni maduka tofauti yanayogombania wateja. Wanachokosa ni uzi unaoyashona yote, na uzi huo ni kujua sababu inapokuwa sababu kweli. Nikasema hata Babu, akiwa sakafuni, hakufundisha kiti. Alifundisha kuuliza. Nikasema nani mwingine kati yetu anauliza namna hiyo? Nikapiga meza. Nikasema kama leo ningekuwa kijana niliyelowa mvua, ningependa nimkute mbele yangu mwanamke huyu!

Wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Bi Kwahiyo alikuwa anafuta miwani, akasema kwa sauti ndogo, ndivyo hasa, na kwamba nusu ya hayo hakuwahi kuyafikiria.

Mkuu akauliza sasa napinga vipi. Nikatafuta mabomu yangu. Mifupa bila nyama? Nilikuwa nimetoka kuwapa nyama. Nikasema naomba muda kidogo. Nikapewa. Nilijijibu kila pingamizi kabla halijanitoka mdomoni. Ni vigumu sana kubishana na mtu aliyejiandaa vizuri namna ile.

Kura. Wanaomuunga mkono Bi Kwahiyo? Mikono ikapanda. Mdhanaishi akaniinamia sikioni na kusema, kwa heshima ambayo hajawahi kunipa, kwamba nimechagua na sasa lazima niubebe uchaguzi wangu. Nikafuata macho yake. Mkono wangu ulikuwa juu. Wa kwake pia!

Mkuu alisema hana hakika kama kura imepigwa, lakini inaelekea nimeshindwa kwa kauli moja.

Babu alinikuta kwenye ngazi. Nilimwambia nimelipoteza darasa lake. Akasema amehudhuria vikao vya idara hii maisha yake yote ya kazi, na leo ndiyo mara ya kwanza Kanuni imefuatwa mpaka mwisho. Akasema kile kiti kipya ni changu, nikichukue, hakijafundisha mtu bado. Kisha akashuka, magoti yakimlalamikia kila hatua, na mimi nikabaki nimekikumbatia kiti kama mtoto wa mtu.

Mke wangu alinifungulia mlango. Akatazama kiti, akatazama uso wangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakusema kitu.


Jumapili, 9 Juni

Nimetulia. Nimetafakari. Mtu wa hekima hupata funzo hata kwenye kushindwa, na mimi nimepata langu.

Bi Kwahiyo alikuja leo na matunda na mpango wa muhula ujao. Akaketi kwenye kiti kipya (skrubu zimekazwa) na kuniomba nimfungulie darasa lake kwa somo la kiti. Akasema hakuna mwingine anayeweza. Kipindi kimoja tu, kaka, akasisitiza, halafu anaendelea yeye. Mke wangu akamwambia anafanya kosa. Mpwa akauliza kosa la aina gani. Wakacheka watatu, wakala matunda. Ni mtu mwema sana, Bi Kwahiyo. Nafurahi kwamba ni yeye.

Kipindi kimoja.

Lakini swali lile halijajibika kwa karne zote hizi. Nani atalimaliza kwa kipindi kimoja? Nikilianza vizuri, wanafunzi hawatakubali litoke mikononi mwangu njiani. Litaingia kipindi cha pili. Cha tatu. Katikati ya muhula hakuna atakayekumbuka darasa ni la nani, na yeye mwenyewe, kwa Kanuni, atalazimika kueleza kwa nini nisiondoke. Anaeleza vizuri mno, yule dada!

Kosa langu lilikuwa moja tu: kiti kina vipande vichache. Kinaisha mapema. Nahitaji kitu chenye sehemu nyingi, magurudumu madogomadogo, springi, vitu vya kumweka mtu ukumbini hadi Desemba. Nimekifikiria tangu asubuhi na nimekipata. Saa kubwa ya ukutani ofisini kwa Mkuu. Bisibisi imo mfukoni mwa koti.

Nimelipima kitaalamu. Mkuu husema kila siku kwamba hana uhakika kama saa ile ipo. Basi hataona ikikosekana.